Tafakari ya Juma: Tuvijaribu Vyombo Vyetu Ndani ya Nyumba Yetu



Wapendwa waamini, na ninyi nyote mnaotusoma mkiwa mbali na nyumbani, juma hili tulikusudia kuendelea na mafundisho yetu juu ya Sakramenti ya Kitubio. Tumelazimika kuyaahirisha, kwa kuwa kuna deni tunalopaswa kulilipa kwanza. Usiku wa Jumanne ya juma lililopita wengi wenu mlipokea barua pepe kutoka nyumba ya mapadre, nayo ilitangaza msiba. Msiba huo haukuwapo. Ilikuwa barua ya majaribio. Tumekwisha kuomba radhi katika Misa zote za Dominika, na hapa tunaomba tena. Lakini kuomba radhi bila kueleza kilichotokea ni kufanya kazi nusu, na katika kutafuta maelezo tumeona kwamba jambo hili, ambalo tulilidhania kuwa la kiufundi tu, linagusa dhamiri.

Parokia yetu, kama nyingine nyingi, siku hizi hutangaza karibu kila kitu kwa WhatsApp, nasi hatuna ugomvi na hilo. Hata hivyo ofisi ya jimbo, shule zetu, masista wa nyumba jirani, na watoto wa parokia waliotawanyika Muscat, Nairobi, Roma na kwingineko bado wanaandikiana nasi kwa barua pepe, na orodha yetu ina anwani 212. Muumini mmoja alitupatia kompyuta kuukuu. Paroko msaidizi pamoja na kijana mmoja wa VIWAWA wakaigeuza kuwa seva ya barua, ikawekwa chini ya ngazi pembeni ya gunia la mchele, na kwa siku nne nyumba ya mapadre ikawa karakana. Tulifurahi kama watoto waliopewa baiskeli, na furaha hiyo ndiyo iliyotuponza.

Tulihitaji barua ya mfano. Badala ya kuandika maneno mawili yasiyo na uzito, tulichukua tangazo la zamani kutoka kwenye jalada, kwa kuwa lilikuwa refu, lilikuwa na kiambatisho, tena lilikuwa na jina la jumuiya na saa ya Misa. Tukaona kwamba ni kipimo kizuri. Lilikuwa tangazo la mazishi ya mama mmoja wa parokia aliyefariki dunia mwaka jana. Juu ya barua tuliandika kwamba inakwenda kwa "majaribio". Ilikuwa saa tano usiku. Tukabonyeza, tukangoja kidogo, hatukuona chochote kikifika, tukasema kwamba mtambo bado ni mbovu, tukaenda kulala.

Kule Muscat ilikuwa saa sita usiku. Kijana wa parokia yetu anayefanya kazi huko aliisoma barua ile simuni. Tangazo lilitaja jina la ubatizo la marehemu na jumuiya yake, na bibi yake huyo kijana ana jina hilohilo, anasali katika jumuiya hiyohiyo, na alikuwa mgonjwa tangu mwezi uliopita. Akapiga simu nyumbani. Simu zote zimezimwa, kwa maana watu wamelala. Akaamsha wenzake, akakopa nauli ya ndege kwa watu watatu. Alfajiri ndipo shangazi yake alipopokea simu na kumwambia kwamba bibi ameamka salama na anakunywa uji.

Hilo lilikuwa zito, lakini liliishia kwenye kicheko. La pili halikuishia hivyo. Katika orodha yetu imo pia anwani ya mume wa yule mama aliyefariki. Naye aliipokea. Tulikwenda kumwona tukamkuta ameketi barazani. Hakufoka, alitukaribisha, akaagiza chai iletwe, kisha akasema: "Baba Paroko, mke wangu mmemzika mara mbili." Hatukuwa na la kujibu, na hata leo hatuna.

Ilikuwaje barua iliyoandikwa "majaribio" ikawafikia watu 212? Tulipouliza, tulijifunza jambo ambalo tungependa kila mwenye kutumia chombo hiki alijue. Barua pepe, kama ile ya posta, ina karatasi ya ndani na bahasha ya nje. Anwani tunayoisoma juu ya barua ni ile ya kwenye karatasi, bali seva huisoma bahasha. Utaratibu huo uliandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, na pamoja na marekebisho ya 2001 na 2008 ndio unaobeba barua za dunia nzima hata sasa. Anwani hizo mbili hazilazimiki kufanana, na ndiyo sababu nakala ya siri inawezekana: jina la mpokeaji lipo kwenye bahasha, halipo kwenye karatasi. Sisi tulibadilisha karatasi tukasahau bahasha, kwa kuwa programu ya orodha ilikuwa imeshika anwani zote. Na seva ya mbali ikishasema kwamba imepokea, barua si yako tena. Hakuna kamba ya kuivuta irudi.

Wapo watakaosema kwamba mapadre wangewaachia wataalamu mambo haya. Labda. Lakini tumeongea na wataalamu, nao wametuambia kwamba makosa ya namna hii huwapata hata wao, na yanawapata zaidi wale wanaojiamini. Tarehe 14 Novemba 2016, katika huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, ujumbe wa majaribio ulikwenda kwa bahati mbaya kwa wafanyakazi wapatao 840,000. Madhara makubwa hayakuletwa na ujumbe wenyewe. Yaliletwa na wapokeaji waliobonyeza kitufe cha kuwajibu watu wote, wakiomba waondolewe katika orodha, na kila ombi likawaendea tena wote. Barua za kazi, zikiwamo za hospitali, zikachelewa. Na tarehe 13 Januari 2018 watu wa Hawaii waliletewa simuni onyo la kombora linalowajia, onyo lililotoka wakati wa zoezi la idara ya dharura, na zilipita dakika 38 kabla ya simu hizohizo kupokea habari kwamba hakuna hatari. Dakika 38 ni muda wa kutosha mtu kuwaaga watoto wake.

Tuseme sasa tulichopaswa kufanya.

Seva ingeanza kwa kujiandikia yenyewe. Ndani ya kompyuta hiyohiyo mtu huunda wakazi wawili wa kubuni, mmoja akamwandikia mwenzake, na barua isitoke hata mlangoni. Zipo pia programu za bure, mojawapo huitwa Mailpit, ambazo hujifanya seva ya barua: hupokea kila kinachotumwa, hukionyesha kwenye skrini jinsi kilivyo, wala hazimpelekei mtu yeyote. Laiti tungalikuwa nayo usiku ule, tungaliona anwani 212 zimejipanga mbele ya macho yetu, tungalishika vichwa, tungaliifuta barua ile na kulala kwa amani, na yule mzee asingalijua kitu.

Kijana wetu alidhani kwamba ni salama pia kubuni anwani yoyote inayomjia kichwani. Si salama hata kidogo. Jina linalokujia kichwani huwa limekwisha kumjia mwingine, naye amelisajili, na kisanduku chake hujazwa na majaribio ya watu asiowafahamu. Kwa ajili hiyo wahandisi wa intaneti, mwezi Juni 1999, walitenga majina ambayo si ya mtu na hayatauzwa kwa mtu: example.com, example.net na example.org, pamoja na miisho kama .test na .invalid. Tumeupenda utaratibu huo. Ni kama kijiji kinachoacha kiwanja kimoja bila kukigawa, ili watoto wajifunzie baiskeli pasipo kuwagonga wazee.

Barua ikishakwenda vema ndani ya nyumba, ndipo itoke nje, tena iende kwa anwani ya pili tuliyojifungulia wenyewe kwa kampuni nyingine. Hapo mtu hujifunza mengi. Kampuni nyingi za intaneti za majumbani hufunga mlango namba 25, ambao seva hupitishia barua kwa seva wenzake, kwa hofu ya barua taka. Na seva kubwa hazimwamini mgeni asiye na vitambulisho, yaani SPF na DKIM, vinavyothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa yule anayejitaja. Kichwa cha barua, ambacho kwa kawaida hufichwa machoni petu, huorodhesha kila kituo ilichopitia, kama mihuri ya posta ya zamani. Akihitajika mtu wa tatu, aombwe kwanza. Tumempata mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekubali kupokea barua zetu za majaribio kati ya saa mbili na saa tatu usiku na si zaidi, na tunaiheshimu saa yake kama tunavyoiheshimu saa ya maungamo.

Kuna na suala la mlango wa kuingilia. Seva ya nyumbani iliyofunguliwa ovyo, inayokubali kupitisha barua ya mtu yeyote kwenda kwa mtu yeyote, hugunduliwa upesi na watuma barua taka, nao huitumia usiku kucha. Mwenye nyumba amelala usingizi wa mwenye haki, na kompyuta yake inawasumbua maelfu ya watu asiowajua. Hatukutenda kosa hilo, lakini hatukulitenda kwa bahati tu, si kwa hekima.

Ndugu mmoja, mtu wa sala na mchango mkubwa hapa parokiani, alitusimamisha baada ya Misa akatuambia: "Padre, mnajitesa bure. Barua moja ni nini? Si mtu anaifuta tu?" Tunamheshimu sana, lakini hatukubaliani naye. Kwanza, kufuta ni kazi, na kazi hiyo tumewapa watu 212 bila kuwaomba, ili sisi tuokoe dakika kumi za kujipanga. Wengine hununua vifurushi vya intaneti kwa fedha ya kuungaunga. Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba tulimgeuza binadamu kuwa kifaa cha kupimia mtambo wetu. Tulitaka kujua kama kompyuta inafanya kazi, tukatumia macho yake, usingizi wake, na kwa mzee mmoja, majonzi yake. Kanisa limefundisha tangu zamani kwamba mtu hatumiwi kama kifaa, hata kwa jambo dogo, hata kwa nia njema. Tunalihubiri hilo tunapozungumzia mishahara ya wafanyakazi wa ndani; basi tulikubali nasi linapotugeukia.

Tena kuna suala la imani ya watu kwa sauti yetu. Alhamisi ile, siku mbili baada ya kosa, tulituma kwa njia yetu ya zamani tangazo la kweli: Misa ya Ijumaa alfajiri imehamishiwa kigangoni. Watu kumi na mmoja walifika wakakuta kanisa la parokia limefungwa. Tulipowauliza kama hawakuipata barua, walijibu kwa upole kwamba waliipata, ila walidhani ni majaribio tena. Hatuwezi kuwalaumu.

Fikirini kengele ya kanisa. Kwetu kengele ina lugha: ya Malaika wa Bwana, ya Misa, na ile ya polepole inayotangaza kifo, ambayo mama akiisikia huacha jembe na kusikiliza. Fundi anayejua kazi yake, akitaka kujaribu kamba na mihimili, hufunga ulimi wa kengele kwa kitambaa kizito. Kengele hubembea, yeye huona kama kila kitu kinakwenda sawa, na kijiji hakisikii. Asipoufunga, watu watatoka mashambani bure, na siku ya msiba wa kweli wengine watasema ni fundi.

Tumekuwa tukimfikiria pia Gideoni, katika sura ya 6 ya kitabu cha Waamuzi. Naye alitaka kujaribu, tena alijaribu mara mbili, jambo ambalo wahubiri wengi humlaumu kwalo kuwa ni uchache wa imani. Sisi juma hili tumemwona kwa jicho jingine. Hakupiga tarumbeta kuwaita watu wa makabila waje kushuhudia umande. Alitandika ngozi ya kondoo juu ya uwanja wa kupuria, usiku, watu wamelala. Asubuhi akaikamua mwenyewe, akajaza bakuli la maji, na usiku uliofuata akajaribu kinyume chake. Watu walikwisha kukusanyika nyuma yake kwa vita, na hakumwamsha hata mmoja.

Wala si watu wa Biblia tu. Mwaka 1971, huko Cambridge, Massachusetts, mhandisi Ray Tomlinson alituma barua ya kwanza ya kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa mtandao. Kompyuta hizo mbili zilikuwa chumba kimoja, zimekaa ubavu kwa ubavu, na barua alijitumia mwenyewe. Alipoulizwa baadaye yaliyoandikwa ndani, alisema kwamba yalikuwa ya kusahaulika kabisa. Alipotosheka kwamba chombo kinafanya kazi ndipo alipowaandikia wenzake kuwajulisha kwamba kipo na namna ya kukitumia. Alifariki mwaka 2016. Hatujui mfano mzuri zaidi: maneno yasiyo na uzito, mpokeaji ni mwenyewe, na watu wakaarifiwa kazi ikiwa imekamilika. Sisi tulichukua maneno mazito kuliko yote tuliyokuwa nayo jaladani tukayafanya ya mchezo.

Tusieleweke vibaya kwamba tunakichukia chombo. Tarehe 22 Novemba 2001 Papa Yohane Paulo II, akiwa na umri wa miaka 81, aliketi mbele ya kompyuta ndogo katika Ukumbi wa Klementina huko Vatikani, akautuma kwa barua pepe waraka wake kwa Kanisa la Oseania. Mzee mwenye mkono unaotetemeka hakuogopa kitufe, nasi hatutaogopa. Seva itabaki chini ya ngazi.

Neno moja kwa wapokeaji, maana si haki tujiseme sisi peke yetu. Mtakosewa tena, kama si na sisi basi na shule, benki au kampuni fulani. Mwezi Juni 2021 kampuni ya HBO Max ilituma kwa wateja wake wengi barua ya majaribio kwa makosa. Ilipoeleza kwamba mkono uliokosea ni wa mwanafunzi aliye katika mafunzo ya kazi, watu wengi wasiomjua walimwandikia hadharani, kila mmoja akisimulia kosa lake mwenyewe la siku za mwanzo kazini, ili asijione peke yake. Tulisoma maungamo yale ya hadhara tukacheka, kisha tukatafakari. Kijana wetu wa VIWAWA, tangu Jumatano ile, alikuwa hataki kuonekana kanisani. Alikaa nje chini ya mwembe wakati wa Misa. Kosa halikuwa lake peke yake, sisi ndio tuliochagua lile tangazo. Aliyemwendea pale chini ya mwembe hakuwa mmoja wetu. Alikuwa yule mzee, mjane, akamshika mkono akaingia naye ndani, wakaketi benchi moja.

Sasa matangazo. Kwa majuma mawili yajayo seva itaendelea kujiandikia yenyewe. Barua yake ya kwanza ya kweli itatumwa Jumamosi ya tatu kuanzia leo, saa kumi jioni, wala si usiku, nayo itakuwa na ratiba ya Misa tu. Atakayeipata hana haja ya kutujibu. Asiyeipata atuambie baada ya Misa ya pili, au amwambie katekista. Na Jumatano hii, Misa ya saa kumi na mbili asubuhi itakuwa kwa ajili ya marehemu mama yule, kwa kuwa mumewe ametuomba hivyo. Anasema kwamba mara hii tangazo ni lake, na amelitoa mwenyewe kwa mdomo, nyumba kwa nyumba.

Tunawatakia Dominika njema.